Mpe mtoto gunzi, kisha tazama mikono yake



Tumezoea kuzungumzia hapa maji ya kunywa, vyoo, malaria na minyoo. Leo tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu kabisa kuwa ni la afya, nalo ni mchezo wa mtoto mdogo. Nakusudia michezo ya nyumbani isiyohitaji kununua kitu, ambayo inajenga shingo, mgongo, miguu na vidole vya mtoto.

Ukipita mitaa ya Ngokolo hapa Shinyanga baada ya swala ya Alasiri, utawakuta watoto wa umri wa shule wakikimbiza matairi, wakicheza rede na kuruka kamba. Hao sina wasiwasi nao sana. Wasiwasi wangu ni juu ya wadogo zao walioko uani. Wa miezi minane amefungwa mgongoni tangu asubuhi, au amekalishwa ndani ya beseni na kuzungushiwa khanga asianguke. Wa miaka miwili ameshikishwa simu ili mama apate nafasi ya kupika. Wa miaka minne anaambiwa atulie, kwa sababu mtoto mwenye adabu hahangaiki hangaiki mbele ya wageni. Kila mzazi hapa anaona anamlinda mwanawe, na kweli anamlinda asianguke. Lakini mgongo haujengwi ndani ya beseni, wala vidole havipati nguvu kwa kugusa kioo cha simu.

Mwili unavyojifunza

Mtoto anapozaliwa, mikono na miguu yake imekamilika, ila bado hajui kuitawala. Ubongo hujifunza kuitawala kwa kujaribu na kurudia. Anainua kichwa, kinaanguka, anakiinua tena. Kila anaporudia, njia ya mishipa ya fahamu kati ya ubongo na misuli ile inazidi kuimarika, kama njia ya ng'ombe inavyozidi kuonekana mbugani kadiri wanavyoipita. Kazi hii inakwenda kwa mpangilio: huanzia kichwani ikashuka kwenye mgongo na miguu, na huanzia mabegani ikaenda kwenye kiganja, mwisho vidoleni. Ndiyo maana mtoto ambaye mabega yake ni legelege atapata tabu na kalamu, hata ukimpa kalamu nzuri namna gani.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa vipimo vya umri ambao watoto wenye afya hupata uwezo huu. Watoto walifuatiliwa katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya karibu miezi minne na miezi tisa. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi mitano na kumi na tatu na nusu. Kutembea peke yake, kati ya miezi minane na karibu kumi na saba na nusu. Tazama jinsi nafasi ilivyo pana. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja hajatembea, wakati wa jirani ametembea kwa miezi tisa, hana sababu ya kukosa usingizi. Na wapo watoto wachache, kama wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakasimama na kutembea salama. Kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, umri wake uhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Magunzi mawili

Kuna mama mmoja aliyeleta mtoto wa miezi kumi kwa ajili ya kikohozi. Kikohozi chenyewe kilikuwa chepesi. Nilimpa mtoto kile kijiti cha kukandamizia ulimi achezee, akakipokea kwa mkono wa kulia. Nikampa kingine upande wake wa kushoto. Akakiacha cha kwanza, akageuka na kukifuata cha pili kwa mkono uleule wa kulia. Bibi yake aliyefuatana nao akatabasamu. "Daktari," akasema, "huyu mjukuu wangu ana adabu tangu mdogo. Kushoto hakutumii kabisa."

Ni kweli, bibi aliona vizuri. Alichokosea ni maana ya alichokiona. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hana mkono anaoupendelea. Hutumia wowote ulio karibu na kitu. Akiuchagua mmoja mapema namna ile, mara nyingi ni kwa sababu ule mwingine haumtii. Nilipomfungua khanga niliukuta mkono wa kushoto umekunjwa ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Mama akaeleza kwamba mtoto alichelewa kulia siku aliyozaliwa. Ulikuwa ni udhaifu wa upande mmoja wa mwili kutokana na ubongo kuumia, aina mojawapo ya kile tunachokiita mtindio wa ubongo.

Jambo hili lilikuwa linaonekana nyumbani kila siku, kwa miezi kadhaa, na familia nzima ikilifurahia. Mtoto alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mazoezi aliyopewa yalikuwa ni michezo. Vitu vyote viwekwe upande wa kushoto. Apewe mpira mkubwa wa matambara ambao hauwezi kushikwa kwa mkono mmoja. Akandwe kiganja, afunguliwe vidole taratibu wakati wa kuoga, maji yakiwa ya vuguvugu. Leo anashika kikombe chake cha uji kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto bado ni dhaifu, na pengine utabaki hivyo, lakini unafanya kazi. Kama angeletwa akiwa na miaka minne, mkono umeshakakamaa, kazi ingekuwa ngumu zaidi.

Basi nawaomba kila nyumba yenye mtoto wa miezi saba au minane wafanye jambo hili. Chukua magunzi mawili ya mahindi, makavu na safi, yasiyobaki punje hata moja. Mkalishe mtoto katikati ya miguu yako, kichwa chake kikitazama mbele. Mpe gunzi moja kutokea kulia, subiri alichezee, kisha lichukue umpe kutokea kushoto. Halafu mpe yote mawili. Mtoto mzima atayashika yote, atayagonganisha na kuyatia mdomoni. Rudia siku tatu tofauti, asiwe na njaa wala usingizi. Akiwa kila mara anavuka na mkono mmoja, mlete kliniki wiki hiyohiyo.

Wapo pia watoto waliokuwa wanatumia mikono yote, kisha ghafla wakaacha kutumia mmoja. Kama vidole au kiganja kimevimba na mtoto analia ukikigusa, inaweza kuwa ni ugonjwa wa selimundu, ambao kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wake wengi. Kama hakuna uvimbe ila mkono au mguu umelegea, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi.

Niseme na jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Mkono wa asili wa mtoto hujitokeza taratibu baada ya mwaka wa pili na wa tatu, na wapo ambao Allah amewaumba wa kushoto. Mtoto huyo afundishwe kula kwa mkono wa kulia kwa upole, kama tunavyowafundisha wote. Lakini kalamu ni jambo jingine. Kumchapa vidole mtoto wa kushoto ili aandike kwa kulia hakuongezi nguvu katika mkono wa kulia, kunamwongezea hofu ya kuandika tu. Nimeyaona hayo nikiwa mwanafunzi kwenye mkeka, na sioni faida yake mpaka leo.

Mwaka wa kwanza: kifudifudi kabla ya kukaa

Mchezo wa kwanza wa mtoto mchanga ni kulala kifudifudi akiwa macho. Mlaze juu ya kifua chako au kwenye mkeka ulio safi, nawe ulale mbele yake ili akutafute kwa macho. Mwanzoni atavumilia dakika moja tu, kisha atalia; mnyanyue, baadaye urudie. WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2019 inashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau nusu saa ya namna hii kwa siku, kwa vipande vipande. Kulala usingizi ni chali. Kifudifudi ni wakati wa kucheza na mtu mzima yupo.

Kumbeba mgongoni hakuna ubaya, tena kuna faida, kwa sababu mapaja yanakaa yamepanuka na kiungo cha nyonga kinakaa mahali pake. Ubaya ni kumbeba kutwa nzima. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe mahali pamoja, mgongoni au kwenye kiti, zaidi ya saa moja mfululizo. Mfungue, mlaze, acha atupe miguu.

Chukua chupa ndogo ya maji iliyokwisha, tia choroko kiganja kimoja, funga kizibo kwa nguvu kisha ukizungushie mpira wa baiskeli. Hiyo ni kayamba yake. Itikise upande mmoja ageuze shingo, ihamishie upande mwingine. Akiwa na miezi mitano au sita iweke mbali kidogo na mkono wake, aifuate kwa tumbo. Wazazi wengi huwahi kumkabidhi mtoto kila anachokitaka; mwache ahangaike kidogo, ndiyo kazi yake. Kizibo hicho kikague kila siku, maana choroko zikimwagika zitaingia puani au kooni.

Vile vigari vya kumtembeza mtoto vinavyouzwa madukani havimfundishi kutembea. Mtoto anajisukuma kwa ncha za vidole akiwa amekaa, na anafika kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Ndoo kubwa iliyofunikwa, yenye mchanga kidogo ndani ili iwe nzito, inatosha kusimamia na kusukumia.

Vitu vya uani

Akishatembea, uwanja wako wote ni darasa. Chora mstari wa majivu ardhini, mnyoofu, kisha wenye kona, apite juu yake bila kukanyaga nje. Weka matofali mawili na ubao mpana juu yake, kimo cha kiganja kutoka chini, apite ukimshika mkono. Tupa mpira, audake. Zamani mipira hii tuliifunga kwa mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na kusema kweli kwa watoto wadogo ni afadhali, maana wapo walioivuta usoni wakakosa pumzi. Soksi za mitumba zilizochakaa, zikijazwa vipande vya nguo na kushonwa mdomo, zinatoa mpira mzuri zaidi. Anza na mkubwa kama kichwa cha mtoto kwa wa miaka miwili, punguza kadiri anavyokua. Kudaka ni kugumu kuliko kutupa, usimcheke.

Mwenye miaka mitatu anaweza kusimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi sana. Wa minne anaruka kwa mguu mmoja mara kadhaa. Wa mitano anaanza kuingia kwenye kamba na dada zake. Gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili kuukuu, likivutwa kwa kamba ya katani, linamfundisha kutembea huku akigeuka kutazama nyuma, jambo ambalo si dogo kwa mwili wake. Kulitengeneza lenyewe ni mchezo wa kaka yake: kukata, kutoboa, kukunja waya. Kingo za kopo zikunjwe ndani na kugongwa kwa jiwe.

Kwa vidole, hakuna kinachoshinda kazi za jikoni, kwa masharti kwamba mtu mzima yupo. Mpe donge la unga wa ngano siku ya maandazi, alifinyange, alisokote, alikate. Mpe kitambaa chenye maji akikamue. Achambue majani ya mchicha. Kuanzia miaka minne apembue dengu na choroko kwenye ungo, akitoa changa moja moja kwa kidole gumba na cha shahada. Udongo mweusi wa mbuga unaotusumbua masika ukikanyaga matope ni udongo mzuri sana wa kufinyanga ng'ombe na nyumba. Watoto wa Kisukuma wamefinyanga ng'ombe wa udongo kwa vizazi vingi bila kuambiwa na mtu kwamba ni mazoezi ya vidole.

Halafu kuna mdako na bao. Mdako unataka jicho na mkono vifanye kazi pamoja: kete moja iko juu hewani, na kabla haijashuka lazima uwe umezitoa nyingine shimoni na kuzirudisha. Bao, au isolo kama wanavyoliita wenyeji wetu, lina mashimo yanayoweza kuchimbwa chini ya mwembe popote. Mtoto wa miaka mitano hataelewa hila za wazee, lakini kusambaza kete moja moja kila shimo anaweza, na hapohapo anahesabu. Kete zake ziwe kubwa. Kwa walio chini ya miaka mitatu kokoto, gololi, vizibo vya soda, karanga na mbegu visiwepo kabisa karibu nao. Mtoto aliyepaliwa anaweza kupoteza maisha ndani ya dakika chache, na sisi wa kituo cha afya hatuwahi.

Na swala. Mtoto wa miaka mitatu akisimama ubavuni kwa mama yake, anainama, anakwenda chini, anaegemea viganja na paji la uso, anainuka bila kushika kitu. Mazoezi ya usawa wa mwili yaliyokamilika kuliko hayo siyajui. Wapo wanaowafukuza watoto kwa sababu wanapanda migongoni. Sote tumesoma madrasa kisa cha Mtume (s.a.w.) kurefusha sijda kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni, hakumshusha mpaka alipotosheka.

Kabla ya kalamu

Hapa ndipo ugomvi wangu na baadhi ya walimu na wazazi. Mtoto wa miaka mitatu au minne analetwa na daftari la mistari, anatakiwa aandike herufi ndogo ndani ya mistari, na anayeshindwa anaitwa mvivu au mzito. Huenda ubongo wake hauna tatizo lolote. Ni mkono ambao haujafika. Mtoto wa miaka mitatu huweza kuiga duara. Msalaba huja karibu na miaka minne, mraba karibu na mitano, pembetatu baada ya hapo. Ukimlazimisha kuandika kabla ya hayo, atashika kalamu kwa ngumi, na ngumi hiyo ikishakuwa mazoea ataingia nayo darasa la kwanza.

Mwanzo mzuri ni mchanga. Tandaza mchanga laini kwenye sinia, aandike kwa kidole, afute, aandike tena. Alif ni mstari mmoja tu wa kushuka, anaupata mapema. Ba ina bakuli na nukta chini, hiyo ingoje kidogo. Baada ya mchanga, kipande cha mkaa au chaki kwenye sakafu au ubao uliosimamishwa ukutani, aandike akiwa amesimama, mkono wote ukitembea kutoka begani. Chaki fupi, ya urefu wa kidole cha mtoto, inamlazimisha kuishika kwa vidole vitatu maana ngumi haina pa kushika. Madrasa zetu za zamani zilitumia mbao na kalamu za matete, herufi zikiwa kubwa, na sidhani kwamba ilikuwa ni kwa sababu ya umaskini tu.

Simu nayo niiseme. Mwongozo wa 2019 hauruhusu kioo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili mpaka minne usizidi saa moja kwa siku, pungufu zaidi ni bora. Mwongozo huo unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wawe kwenye mwendo saa tatu nzima kwa siku, zikigawanywa. Serikali yetu nayo ilizindua Desemba 2021 programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto (MMMAM), ambayo inahesabu kucheza na kujifunza mapema pamoja na lishe na chanjo. Ila programu haiwezi kukufungulia mtoto kwenye beseni.

Vitu visivyofaa kuchezewa

Familia nyingi za hapa zina baba au kaka aliye machimboni, Mwakitolyo, Kakola au kule Geita upande wa Nyarugusu na Rwamgasa. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na kisha huichoma moto. Zebaki inashambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo unaokua ndio unaodhurika zaidi: mtoto anatetemeka, anakosa uwiano wa mikono na miguu, anachelewa. Dunia ililijua hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipogunduliwa mwaka 1956, japo ule ulitoka kwenye samaki. Tanzania iliridhia mkataba uliobeba jina la mji huo mwaka 2020, lakini zebaki bado iko mialoni.

Basi vichupa vilivyokuwa na zebaki visiletwe nyumbani viwe kayamba. Mchanga wa marudio usiletwe uani uwe mchanga wa kuchezea, hata kama ni laini na unang'aa; chukua mchanga wa kawaida, mbali na karasha. Nguo za machimboni zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, wala mtoto asibebwe nazo. Dhahabu isichomwe jikoni, hata kidogo. Mama mjamzito naye asikae karibu na moto ule.

Vingine ni vya kila siku: betri za redio na saa, mabomba ya sindano yaliyookotwa jalalani, chupa za dawa za pamba, makopo ya rangi. Dawa ya pamba haitoki yote kwa kusuuza. Usimpe mtoto chombo chake hata uwe umekiosha mara saba.

Usafi wa mchezo

Mchezo wa chini unaleta udongo mdomoni, na udongo unaleta minyoo na kuhara. Wapo wazazi ambao kwa sababu hiyo hawamshushi mtoto kabisa. Njia iliyo sahihi ni kukisafisha kipande kimoja cha uwanja: kifagie kila asubuhi, kuku na mbuzi wasifike, tandika mkeka au gunia lililofuliwa kwa ambaye bado anatambaa. Vitu vyake vioshwe kwa sabuni na maji, vikauke juani. Magunzi yatupwe kila baada ya siku mbili tatu, mengine yapo. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Shinyanga mwaka 2009, na penye bomba hakuna udhuru wa mtoto kula maandazi na mikono ya matope. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, usikose. Na beseni au ndoo yenye maji isiachwe wazi mahali mtoto anapotambaa, hata kama maji ni kimo cha kiganja.

Aliyechelewa

Baadhi ya watoto huchelewa kwa sababu zinazojulikana: alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyomtia degedege. Mtoto wa miezi minne ambaye hashiki kichwa, wa miezi tisa ambaye hakai, wa miezi kumi na minane ambaye hatembei, au ambaye miguu yake inakakamaa na kupishana kama mkasi ukimnyanyua, aonekane na daktari. Na anayepoteza uwezo aliokwisha kuupata, huyo aletwe mara moja, awe na umri wowote.

Tafadhali asifichwe ndani. Mtoto aliyechelewa anahitaji michezo hiihii, ila zaidi na kwa muda mrefu zaidi. David Werner, Mmarekani ambaye kitabu chake kinajulikana kwetu kama Mahali Pasipo na Daktari, alichapisha mwaka 1987 kitabu kingine kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichotokana na kazi yake na wanakijiji wa Mexico. Vifaa vingi alivyovichora ni vya miti, kamba na matairi. Kimojawapo ni nguzo nne fupi zilizochimbiwa ardhini na fito mbili laini zilizofungwa juu yake, sambamba, kimo cha kiuno cha mtoto. Mtoto anasimama katikati, anashika kulia na kushoto, anatembea. Baba anaweza kuzijenga uani Ijumaa moja baada ya swala. Fito zisuguliwe kwa msasa zisimchome, na upana uachwe kiasi kwamba viwiko vimekunjwa kidogo.

Siku ya kliniki, usiishie kwenye mizani na chanjo. Mwambie muuguzi ulichokiona nyumbani kwa maneno ya kawaida: "hashiki kwa mkono huu", "akikaa anaangukia upande mmoja", "alikuwa anasimama sasa hasimami". Taja na siku ulipoanza kukiona, na siku aliyozaliwa kama alilia mara moja au alichelewa. Nenda mapema, mtoto akiwa hajachoka, na uende na kitu anachopenda kukichezea nyumbani, kwa sababu mbele ya wageni wengi hukunja mikono na kulia tu.

Wabillahi tawfiq.